Bu Wasinah na Chumba cha Katikati

Siku hizi mtu wa kwetu Bantul, kisiwani Java, akipata vijisenti vyake akataka kujenga vyumba vya kupangisha wanachuo, anaambiwa aende kwa Pak Ngadiran, yaani Bwana Ngadiran, akapate ushauri. Naye anautoa, wala hachoki. Kisima na shimo la choo visikaribiane. Usijenge vyumba vyote kwa mkopo. Miezi ya likizo uihesabu kuwa haina kodi, maana mwanachuo akienda kwao hata vumbi lake anaondoka nalo. Wapangaji wa kike wanatunza chumba lakini wanamaliza maji. Wa kiume hawamalizi maji kwa sababu hawaogi. Watu wanacheka, wanakunywa chai, wanaaga kwa shukrani. Mimi ninayekaa ng'ambo ya kichochoro, nikiyasikia hayo nachukua ungo wangu naingia ndani, kwa sababu najua alijifunzia wapi na najua ni nani aliyelipa ada ya shule hiyo.

Aliyelipa ni mkewe, Bu Wasinah, jirani yangu na rafiki yangu tangu tuna meno ya utoto. Watu wamezoea kumtaja kama mke wa mwenye vyumba. Basi nianzie hapo hapo, nisije nikasahau kwa hasira: nyumba ilikuwa yake.

Alirithi kwa wazazi wake. Ni nyumba ya zamani ya mbao za mtiki, sebule pana mbele, na nyuma vyumba vitatu vimepangana. Cha kulia cha kulala wenye nyumba, cha kushoto cha watoto. Cha katikati hakilaliwi ovyo. Ni cha Mbok Sri, bibi asiyeonekana, mwenye mpunga. Mavuno yakitoka shambani, mganda wa kwanza unaingia mle, mtungi wa mchele unakaa mle, na maharusi wa nyumba ile hulala mle usiku wao wa kwanza. Wasinah alizaliwa mle, akaolewa mle, akamzaa mle mwanawe mmoja, Triyanto. Mama yake alipougua ugonjwa wa mwisho walimhamishia mle, akafia mle, na Wasinah alinisimulia mara nyingi jinsi mama alivyokwenda kwa raha, mtu aliye kwake. Kila Alhamisi jioni aliweka humo kikombe cha maua ya yasmini. Imamu wetu alimnung'unikia kidogo, naye akamjibu kwamba Mungu ni mmoja, ila hata mfalme ana mtunza ghala. Imamu alicheka, akamwacha.

Tetemeko lilipotupiga, nyumba nyingi za matofali hapa zililala chini, yangu ikiwemo. Ya Wasinah iliegemea upande, ikasimama. Nililala sebuleni kwake miezi, na hata siku moja hakunionyesha kwamba nimezidi. Ndiyo maana nikizungumza habari zake sauti yangu inapanda, mtanisamehe.

Sasa Ngadiran. Ngadiran ni mtu mwema, na hapo ndipo palipo na balaa. Aliingia nyumba ile kama mkwe, na mkoba wa nguo na tabasamu. Alikuwa akipima miwa katika kiwanda cha sukari. Hajui kumkatalia mtu. Muuza mafagio akipita ananunua, hata kama nyumbani yapo matatu hayajafunguliwa. Hajui kuomba vilevile. Akikopa koleo kwangu atazunguka kwanza habari za mvua, za mbuzi wangu, za mguu wangu unaouma, mpaka mimi mwenyewe nimwambie, "Chukua koleo, Ngadiran, jua linazama."

Alipostaafu akalipwa kiinua mgongo. Wakati huo huo chuo cha sanaa kilikuwa kimefunguliwa kaskazini yetu, na kila mwanaume mwenye kipande cha uwanja alikuwa amegeuka mwenye nyumba. Ukienda msibani wanazungumza kodi, ukienda harusini wanazungumza kodi. Ngadiran naye akakata migomba nyuma ya nyumba akajenga vyumba vinne. Kiinua mgongo kikaishia kwenye kuta. Vyumba havina paa, havina milango, na mvua inakuja. Akaenda kwenye chama cha kuweka na kukopa, na dhamana ikawa hati ya kiwanja cha Wasinah. Wasinah alitia saini. Aliuliza jambo moja tu, kwamba chumba cha katikati hakitaguswa, na mumewe akacheka, akasema nani mwenye kichwa cha kukigusa.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Wasichana walikuja kutoka pande zote, na Wasinah akawa mama mwenye nyumba wa kuombewa dua. Msichana akipata homa, chai ya tangawizi. Akiwakosa wa kwao kwa simu akalia, wali na tempe ya soya ya kukaanga, kaa hapa ule. Kodi ikichelewa anasema italetwa. Mimi nilikuwa nauza fenesi lililopikwa, na wali, pale kichochoroni asubuhi, na wapangaji wake walikuwa wateja wangu, kwa hiyo sikuwa na la kulalamikia.

Kisha mtu mmoja wa Jakarta akajenga ghorofa tatu kando ya barabara. Kipooza hewa, intaneti, bafu ndani kwa ndani, mlinzi getini. Vyumba vya Ngadiran vilikuwa na paa la bati lililopigiliwa kwa pesa za mwisho. Saa saba mchana ukiingia unatoka umeiva. Wasichana wakaanza kuaga mmoja mmoja, kwa adabu, na zawadi ya matunda. Viwili vikabaki wazi. Pampu ikaungua. Shimo la choo lilikuwa limechimbwa fupi ili kupunguza gharama, likajaa, na majirani tukajua kwa pua kabla ya macho. Marejesho ya mkopo hayajui likizo wala pampu. Yanakuja tu.

Ngadiran akagundua kitu ambacho angekijua mapema asingejenga kabisa. Wale wanachuo wa sanaa hawakuvitaka vyumba vipya vya nyuma, ila nyumba ya zamani walikuwa wakiipiga picha. Ina ubaridi, ina mbao, ina nakshi. Wako tayari kuilipia zaidi kuliko ghorofa. Basi akaanza na chumba cha kushoto cha Triyanto. Kijana alikuwa kazini Batam. Akirudi Idi atalala sebuleni, ni mwanaume. Kisha sebule ikakatwa katikati kwa plaiwudi, kikapatikana chumba kingine. Kisha chumba cha mkono wa kulia, chao wenyewe. Mume na mke wakahamia kibandani kando ya jiko, palipokuwa pa kuni.

Nikamwambia Wasinah, "Wenzenu wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nyinyi siku ya tatu mnampa kitanda chenu mkalala na kuku."

Akacheka mpaka akakaa chini. Akasema kuku hawakoromi, Ngadiran ndiye anayekoroma.

Ikabaki katikati. Mtu wa chama alikuja na pikipiki yake, akakaa, akanywa chai, akasema kwa upole kwamba wamechelewa mno na kwamba hati iko kabatini lakini kabati si lake. Baada ya hapo, kwa siku kadhaa, hata mboga za nyumba ile zilikosa chumvi. Hatimaye ni yeye Wasinah aliyesema, wakati anapepeta mchele, nami nipo. Alisema chumba kipangishwe mwaka mmoja, ukiisha Mbok Sri arudi kwake. Ngadiran akaitikia kwa kichwa, macho yamemjaa maji. Namjua, alikuwa anaahidi kwa moyo wake wote.

Chumba cha mpunga hakina dirisha, na hakina dari. Mpangaji gani atakikubali? Ngadiran akatoboa ukuta akatia dirisha la vioo, akafunika boriti kwa dari ya plaiwudi, akamwaga saruji sakafuni. Mtungi wa mchele ukahamia jikoni penye moshi. Alhamisi Wasinah aliweka maua juu ya mtungi pale pale jikoni, akamwomba Mbok Sri radhi kwa makazi mabovu. Mimi sikucheka.

Aliyekuja kupanga ni Desmita, binti wa Bukittinggi, huko Sumatra, mwembamba, mpole, mikono siku zote ina rangi kwa sababu alisomea uchoraji. Alipaka kuta kijani cha majani machanga, akatundika picha zake. Baba yake alimleta mwenyewe. Huku kwetu kodi ya mwanachuo hulipwa ya mwaka mzima kwa mkupuo, mwanzoni mwa masomo, na yule baba alilipa hivyo, akaleta na nyama iliyokaushwa kwa viungo na tui, tukala wote mkekani. Alipoaga alimshika Ngadiran mkono kwa mikono miwili, akasema anamwacha mwanawe kwake.

Mwaka ukaenda, na Wasinah aliuhesabu. Alikuwa ameshaniambia atakwangua rangi ile mwenyewe, na kwamba dari atampa Ngadiran ajengee banda la kuku. Mwisho wa mwaka yule baba akaja tena. Mdalasini ulikuwa na bei nzuri, akasema, na fedha zikikaa mkononi zinapotea. Basi anataka kulipa miaka miwili iliyobaki, mpaka binti amalize. Akaweka bahasha mkekani. Mimi na Wasinah tulikuwa jikoni, mimi nakuna nazi, na ukuta wa jiko ni mianzi, neno halipotei. Tukasikia Ngadiran akizunguka habari za safari, za mdalasini, za mvua. Mwenzangu mkono ulisimama juu ya chungu. Kisha tukamsikia akisema asante.

Wasinah hakulia. Aliondoa birika motoni, akapanga vikombe, akanituma nimpelekee mgeni chai kabla haijapoa.

Pesa ile ilichimba shimo jipya la choo, na iliyobaki ikazima marejesho. Haikulala ndani hata wiki mbili.

Ugonjwa wa Wasinah ulianza tumboni. Alikuwa mnene, kwa hiyo hatukuona haraka kwamba anakonda huku tumbo linajaa. Hospitali ya mjini walimpima, wakasema ni saratani ya kizazi, na kwamba imeshasambaa. Wakampa dawa za maumivu na maneno mazuri. Triyanto alikuja kutoka Batam, akakaa likizo yake, akarudi kazini huku analia, maana naye ana watoto na kodi ya kulipa huko. Wasinah akabaki kibandani. Paa la pale ukisimama unaligusa. Moshi unaingia, kuku wanaingia, jua la mchana linaingia.

Hapo ndipo alipoanza kusema habari za mchele.

"Baba Tri," alimwambia mumewe, "mchele wa jikoni unaingia wadudu."

Ngadiran akasema atauanika. Akauanika. Kesho yake mkewe akasema tena, mchele huku unaingia wadudu, hauzoei moshi. Akauanika tena. Watu wa kwetu hatusemi jambo usoni. Tunaliweka kando ya njia, mwenye kupita aliokote. Alikuwa anaomba kurudi chumbani kwake afe kama mama yake alivyokufa. Mimi nilijua. Na yeye Ngadiran alijua, nilimwona jinsi anavyoutandaza ule mchele juani na kuuchagua punje kwa punje asije akamaliza akalazimika kurudi ndani.

Nikamfuata kisimani.

"Mkeo anaomba chumba chake."

"Najua, dada."

"Unajua, halafu?"

"Halafu yule binti akisema sawa, nirudishie kodi yangu niende ghorofani, nitampa nini? Imo shimoni, dada. Hata kuichota haichoteki."

"Mhamishie chumba cha nyuma. Si viko wazi?"

"Kwenye tanuri lile? Baba yake kala kwangu. Amelipia chumba cha ubaridi."

"Basi mwambie tu kwamba mkeo anakufa. Ana moyo yule mtoto."

Akaivuta kamba ya ndoo muda mrefu. "Nikimwambia hivyo hatakuwa na njia ya kukataa. Hapo sijamwomba, nimempora."

Nilikasirika mpaka nikamwagia maji miguu yangu mwenyewe. Adabu gani hiyo, jamani, inayomsitiri mgeni na kumwacha wa ndani uchi? Nikaenda moja kwa moja kibandani, nikamwambia Wasinah kwamba kama mumewe ulimi wake una mfupa, wangu hauna, nakwenda kumwambia Desmita sasa hivi.

Akanishika upindo wa nguo. Nguvu zote zilizobaki alizileta kwenye vidole vile.

"Usithubutu, Sarmi. Mtoto wa watu katoka mbali kuja kusoma. Akijua analalia kitanda cha mtu anayekufa, atasoma nini?"

Mtu mwenyewe kasema. Ningefanyaje? Nilinyamaza, na nikawa kila asubuhi namuuzia Desmita fenesi na wali, naye ananiuliza hali ya mama, nami namjibu hajambo kidogo. Alikuwa akija kumtazama kibandani na machungwa, anamkanda miguu. Hakuna siku aliyouliza kwa nini amelazwa pale.

Ngadiran naye, kwa njia yake, alikuwa ameamua. Aliamua kwamba kwanza apate kodi ya miezi iliyobaki, yote, aishike mkononi, ndipo aende kuomba. Ndiyo akili yake. Akauza pikipiki yake, akawa anakwenda mjini kununua dawa kwa baiskeli. Pesa haikutosha. Akaenda kwa kaka yake Wonosari, akazunguka habari za mihogo siku nzima, akarudi na robo ya alichokihitaji. Haikutosha. Alikuwa na njiwa wake wa kuimba, ametundikwa ubarazani katika tundu la nakshi. Mwanaume wa kwetu na ndege wake, usiingie kati. Alikuwa akimwamsha kwa kumpigia ulimi, akimwogesha, akimsemesha kuliko alivyosemesha watu. Akamuuza sokoni kwa mtu wa Solo. Asubuhi yake aliamka akapiga ulimi pale ubarazani, kwa mazoea, akabaki amesimama.

Wiki zikaenda. Wasinah akaacha kusema habari za mchele. Mwanzoni nilidhani amekata tamaa. Kumbe akili ilikuwa imeanza kuchanganyikana na dawa. Mara ananiita kwa jina la mama yake, mara anaomba apelekwe kuvuna.

Alasiri moja Ngadiran alitoka amevaa shati lake la batiki la harusini, nywele amechana kwa maji. Alinipungia nije. Nadhani alitaka shahidi, au alitaka mtu wa kumshika. Akagonga mlango wa katikati. Desmita akafungua, brashi mkononi. Ngadiran akaanza mbali sana. Alisema habari za joto, na masomo, na afya ya baba kule Bukittinggi. Yule mtoto anaitikia tu, anamtazama yeye, ananitazama mimi. Mwisho akainyoosha bahasha kwa mikono yote miwili, kichwa kimeinama, akasema kwamba kama haitakuwa usumbufu, kama kuna uwezekano, na kama hauko basi asijali hata kidogo, mama mwenye nyumba angependa kurudi katika chumba hiki.

Desmita akaitazama bahasha.

"Hizi za nini, Baba?"

"Za miezi iliyobaki, mwanangu. Zimetimia."

"Hiki kilikuwa chumba cha Mama?"

"Ndicho chake."

"Mimi nilidhani amelazwa kule ili awe karibu na bafu." Akaweka brashi chini. "Mbona hamkuniambia? Ningehama siku ile ile."

Sijui kama nimewahi kusikia maneno mazuri yaliyoumiza vile. Ngadiran alibaki na mikono imenyooshwa, bahasha juu yake, na hakuna wa kuipokea. Pikipiki imekwenda, njiwa amekwenda, wiki zote zile zimekwenda, na ilikuwa inahitajika sentensi moja. Nilitaka kumzaba kibao na nilitaka kumkumbatia. Nikafanya la kwanza kwa macho na la pili sikulifanya.

Desmita aliita wenzake. Kabla jua halijashuka walikuwa wameshatoa kabati, vitabu, na picha zote, Desmita amehamia kwa rafiki yake chumba cha sebuleni, wamefagia, wametandika shuka jipya la kwake mwenyewe. Bahasha alikataa kuigusa. Tukambeba Wasinah, mimi miguuni, wasichana ubavuni, Ngadiran kichwani. Mwepesi, maskini. Tukamlaza.

Ngadiran akapiga magoti kando ya kitanda akamwambia karibu, kama mtu aliyeleta zawadi kutoka safari ndefu.

Wasinah alizungusha macho. Akatazama kuta za kijani, akatazama dirisha la vioo, akatazama juu. Kisha akajikusanya, akavuta kanga yake vizuri kifuani, kama afanyavyo mwanamke anapoingia nyumba asiyoizoea.

"Baba Tri," akanong'ona, "hapa kwa nani?"

"Kwako, Mama Tri. Chumba cha katikati."

Akatabasamu, lile tabasamu la kumpa mtu anayetania mahali pasipofaa. "Pazuri. Lakini tusikae sana. Wenyewe watarudi."

Tulimweleza. Mimi nilimweleza, Desmita alimweleza huku analia. Nilimtajia siku aliyozaliwa Triyanto, na mimi ndiye niliyeshika taa. Alitusikiliza kwa heshima, akaitikia, na macho yake yakawa yanarudi mlangoni. Ngadiran akatoka. Akarudi na nyundo na meza. Akapanda mezani akaanza kuing'oa ile dari, plaiwudi inapasuka, misumari inalia, vumbi la miaka linatumwagikia sote. Wasichana wakarudi nyuma. Alikuwa anang'oa kwa mikono, damu imeanza kumtoka vidoleni, na alikuwa anasema, tazama, Nah, tazama, boriti ya baba yako hiyo, itazame. Sijapata kumsikia akimwita Nah mbele ya watu tangu walipooana.

Wasinah akaanza kukohoa. Alipopata pumzi akanyoosha mkono.

"Acha," akasema. "Msivunje nyumba ya watu."

Nyundo ikasimama. Ngadiran akashuka mezani, akakaa sakafuni kwenye vipande, mikono imelala magotini. Mimi nilichukua kitambaa chenye maji nikampangusa Wasinah uso. Alinishukuru kwa maneno ya adabu ya juu kabisa, tunayowaambia wakwe na wageni, ambayo mimi na yeye hatukupata kuambiana maisha yetu yote. Akaniuliza kama najua yeye na mumewe wataondoka lini, kwa sababu nyumbani hakuna mtu na mchele haujaanikwa.

Nilimtazama Ngadiran. Yeye ndiye mumewe, na yeye ndiye aliyetakiwa kujibu.

"Kesho asubuhi," akasema. "Kesho asubuhi tunakwenda nyumbani."

Jibu hilo lilimtuliza. Aliomba achanwe nywele kwa ajili ya safari, Desmita akamchana, akamfunga kishungi. Akakataa kujifunika blanketi la kitandani. Akajifunika kanga yake mwenyewe. Akauliza mara moja tena kama wenye chumba wameagwa, Ngadiran akasema wameagwa na wamesema vyema.

Alikata roho alfajiri, adhana ikiwa bado inaita, mumewe amesinzia pale pale sakafuni na kichwa chake kimeegemea godoro. Nilipoingia na uji nilimkuta amejikunja ukingoni kabisa mwa kitanda, mgongo umegusa ubao, shuka halina hata mkunjo. Nafasi yote iliyobaki alikuwa amewaachia wenyewe.